Unguja Ilimshinda Mbung'o kwa Kumjua

Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani mwake. Mbegu za dume huyo mmoja huzihifadhi kwenye kifuko ndani ya mwili, akazitumia kidogo kidogo mpaka siku anapokufa. Hatagi mayai kwa mamia kama nzi wa jalalani. Yai huwa moja kwa wakati mmoja, nalo huanguliwa humo humo tumboni. Buu hunyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi ya mama yake, na baada ya siku tisa hivi huzaliwa likiwa limekomaa, uzito wake ukikaribia wa mzazi. Buu hilo halili tena. Hujichimbia kwenye udongo laini wa kivulini, ngozi yake hukakamaa na kuwa nyeusi, likawa pupa, na baada ya mwezi hivi mbung'o mpya hutoka ardhini akitafuta damu. Kwa miezi yake miwili mitatu ya uhai, mama akibahatika sana hupata watoto wanane au kumi.

Msomaji anaweza kuyachukua haya kama maajabu ya viumbe, akashangaa kidogo na kuendelea na shughuli zake. Kwa mfugaji wa Unguja, hata hivyo, ndani ya maelezo hayo ndimo ulimokuwa ukombozi wa ng'ombe wake. Hoja yangu inaanzia hapo. Katika ukanda wetu, pale tulipomshinda mdudu tukamshinda kweli, tulikuwa tumetangulia kujua anavyoishi: anapandana vipi, anazaa wapi, ananusa nini, anatoka saa ngapi. Na pale tulipotanguliza bomba la dawa, panga au bunduki, tulilipia kwa miaka. Pamoja na ushahidi huo wote, ujuzi wa wadudu bado tunauchukulia kama anasa ya wasomi, jambo la kutafutiwa fedha mambo mengine yote yakishalipiwa.

Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, Glossina austeni, ambaye makao yake yalikuwa vichaka na misitu kama ya Jozani. Malale, ugonjwa unaompata binadamu, haukuwapo kisiwani. Kilichokuwapo ni nagana ya mifugo. Ng'ombe mwenye nagana hupungukiwa damu, hukonda mbavu zikaonekana, hutupa mimba, na maziwa yake hukauka. Mfugaji hununua dawa, ng'ombe hupata nafuu, kisha huumwa tena na mbung'o mwingine wiki zinazofuata. Anayefuga katika hali hiyo hathubutu kununua ng'ombe bora wa maziwa, maana huyo ndiye wa kwanza kufa.

Serikali ya Zanzibar, Tanzania Bara na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipoamua kummaliza mbung'o huyu, kazi ilianza kwa dawa, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa vichakani, mpaka idadi ya mbung'o ikashuka sana. Lakini dawa pekee haikuweza kumfuata mbung'o wa mwisho ndani ya msitu, na mbung'o wachache wakibaki hujaza kisiwa upya. Hapo ndipo tabia ya jike kupandwa mara moja ilipogeuzwa kuwa silaha. Kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o mjini Tanga, mbung'o walifugwa kwa mamia ya maelfu, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba wa silikoni uliopashwa joto lifanane na la ngozi. Madume yalipigwa miale ya gamma ikawafanya tasa bila kuwaondolea nguvu wala hamu, kisha yakapelekwa Unguja na kuachiliwa kutoka kwenye ndege ndogo iliyopita juu ya misitu tena na tena. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume tasa zaidi ya milioni 8 yaliachiliwa.

Jike la porini likipandwa na dume tasa, habari yake imekwisha. Hatatafuta mwingine. Mbegu alizozihifadhi zimeharibiwa na miale, na kila yai atakalolitunga litaharibika. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi baadaye haukumkuta tena.

Njia yenyewe haikubuniwa Zanzibar. Mmarekani Edward Knipling alikuwa ameifikiria kwa ajili ya nzi ambaye mabuu yake hula nyama ya mnyama angali hai, na mwaka 1954 nzi huyo alitokomezwa katika kisiwa cha Curaçao. Kilichofanyika Unguja ni kumsoma mbung'o kwa makini kiasi cha kujua kwamba njia hii inamfaa kuliko wadudu wengi. Anazaa taratibu mno, kwa hiyo akipungua hawezi kurudi kwa kasi. Na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya kazi ya Tanga kuwa ngumu, kwa sababu kumfuga kwa wingi mdudu anayezaa mtoto mmoja kila siku tisa kunahitaji subira na usafi wa hali ya juu. Nafikiri mafundi wa Tanga waliokuwa wakihesabu pupa na kupasha damu kila siku hawajapewa heshima wanayostahili katika historia ya nchi yetu.

Tulinganishe na Shinyanga. Huko ndiko utawala wa Waingereza ulikoweka makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, na ndiko ufyekaji mkubwa wa vichaka ulikofanyika kwa miongo kadhaa ili mbung'o akose kivuli. Kwingineko barani waliona dawa ni kuwaua wanyamapori ambao mbung'o hunywa damu yao. Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, zaidi ya wanyama nusu milioni walipigwa risasi kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba ufyekaji nao ulitokana na kumjua mbung'o kiasi, kwa kuwa bila kivuli na unyevu hawezi kuishi. Ulikuwa ujuzi nusu. Ulijua mdudu anakaa wapi, haukuuliza nini kingine kinakaa hapo, wala udongo ungeshikwa na nini miti ikiondoka. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa wazi, vumbi tupu, hata ikaitwa jangwa la Tanzania. Ufyekaji wa mbung'o haukuwa sababu pekee. Kilimo cha pamba, mifugo mingi na kuhamishwa kwa watu kwenda vijijini vilichangia. Lakini ilibidi mwaka 1986 uanzishwe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Wasukuma wakarudia ngitili, desturi yao ya kutenga malisho yapumzike, ndipo miti ikaanza kurudi.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba huko huko Shinyanga, katika miaka ya 1940, mtafiti F. L. Vanderplank alikuwa ameshagundua mlango mwingine. Aliona kwamba mbung'o wa aina mbili zinazokaribiana wakipandana, uzao wao hautoki au hutoka tasa. Akaachilia mbung'o wa aina ya kigeni katika eneo la mbung'o wenyeji. Wenyeji wakapungua sana, na wageni nao baadaye wakashindwa na ukame wa mahali pale. Alimshinda mdudu kwa kutumia tabia yake ya kutafuta mwenza, bila kukata mti wala kuua swala. Kazi hiyo ilikaa miaka mingi bila kutiliwa maanani.

Wako watakaosema Unguja ni kisiwa, bahari iliwasaidia, na huku Bara mbung'o ukimfukuza hapa anaruka kutoka kule. Ni kweli, na ndiyo maana sidai madume tasa yaachiliwe kila mahali. Ninachodai ni mpangilio wa kazi: kujua kwanza, kuchagua njia baadaye. Mfano wa bara uko Kwale, Kenya, pembeni mwa Shimba Hills, mahali ambapo mbung'o wana pori la kujificha lisilokwisha. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walijiuliza kwa nini mbung'o humwacha kuro, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, hata anapokuwa karibu na nyati au ng'ombe. Jibu lilikuwa harufu. Mwili wa kuro hutoa mchanganyiko wa kemikali ambao mbung'o akiunusa hugeuza njia. Wakatengeneza harufu hiyo, wakaitia kwenye vichupa vidogo na kuvifunga kwenye kola, ng'ombe wakavalishwa shingoni. Katika majaribio ya Kwale maambukizi ya nagana yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mbung'o hakuuawa hata mmoja na kola hiyo. Alidanganywa tu kwamba ng'ombe ni kuro.

Nimekaa sana kwa mbung'o kwa sababu ni adui, na kumjua adui ni rahisi kutetea. Gharama kubwa zaidi ya kutojua inatokana na wadudu wanaotusaidia kimyakimya nasi tukiwafukuza.

Kila aliyewahi kupanda mwembe au mnazi pwani anawafahamu maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa viota na kumwagika mwilini mwa mtu anayegusa tawi lao. Ushonaji wao unastahili kutazamwa kwa utulivu. Mstari mmoja wa chungu huvuta kingo mbili za majani zikutane, wengine huleta mabuu yao mdomoni na kuyapitisha huku na huku kama fundi anavyopitisha sindano, kwa kuwa buu ndilo lenye uzi. Mkwezi huwalaani, na mwenye shamba asiyejua huwachoma moto au kuwapulizia. Wakati huo huo nazi changa zinamdondoka, nyingine zinakua zikiwa na makovu na umbo baya, naye hajui chanzo. Chanzo mara nyingi ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, anayezidunga na kuzifyonza zingali ndogo. Tangu miaka ya 1950 watafiti Zanzibar walionyesha kwamba mnazi wenye maji moto wengi hauna shida na kunguni huyu, kwa sababu maji moto humwinda mchana kutwa. Katika mikorosho pia wanapunguza uharibifu wa mbu wa mikorosho, ambaye licha ya jina lake ni kunguni mfyonzaji. Mkulima anayewaua maji moto, kisha akanunua dawa ya kunguni, amelipa mara mbili kwa ajili ya kumfukuza mlinzi aliyekuwa akifanya kazi bure.

Adui wa maji moto naye ni mdudu: sisimizi wadogo wa ardhini ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi, Pheidole megacephala kwa jina la kisayansi. Wakistawi chini ya mti, maji moto huhama. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha kwamba shamba likifyekwa likabaki udongo mtupu chini ya miti, sisimizi hao hupata nguvu, na majani yakiachwa kiasi, maji moto huwa na nafasi ya kushika eneo. Fikiria maana yake kwa wakulima wetu ambao miaka yote wamefundishwa kwamba shamba zuri ni lile lisilo na jani hata moja.

Sisimizi hao hao wenye vichwa vikubwa wamefika Laikipia, Kenya, na huko wamefanya jambo ambalo sidhani kama mtu yeyote angelitabiri. Nyika ya Laikipia imejaa migunga ya aina moja ambayo miiba yake ina vinundu vyenye uwazi ndani. Ndani ya vinundu hivyo huishi chungu wenyeji, mti ukiwapa makao na utomvu mtamu, nao wakiulinda. Tembo akinyoosha mkonga kuuvunja, chungu humwingia puani, na tembo mwenye akili huuacha. Sisimizi wageni walipoingia waliwaua chungu wenyeji, lakini wao hawaulindi mti. Tembo wakaanza kuvunja migunga kwa kasi ya kutisha, nyika ikawa wazi, na simba, ambao hutegemea vichaka kumvizia pundamilia, wakaonekana kutoka mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 chini ya uongozi wa Mkenya Douglas Kamaru ulionyesha kwamba katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, kati ya mwaka 2003 na 2020, sehemu ya pundamilia katika wanyama wanaouawa na simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, huku ya nyati ikipanda kutoka sifuri hadi asilimia 42. Simba amebadilisha mlo wake kwa sababu ya sisimizi. Nyati ni mnyama mkali, na kumwinda kunahitaji simba wengi kwa pamoja, hatujui bado familia za simba zitalibeba hilo kwa muda gani. Nchi inayopata fedha zake za kigeni kwa watalii wanaokuja kumwona simba ingepaswa kuwa na watu wa kutosha wanaomwangalia sisimizi.

Turudi shambani, kwenye mahindi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokutana na mdudu kila msimu. Bungua wa mabua ni kiwavi anayezaliwa juu ya jani kisha akatoboa shina na kula humo ndani. Akishaingia, dawa ya kupulizia haimfikii tena. Watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walimfuata nondo mama badala ya mtoto. Nondo huchagua pa kutaga kwa kunusa. Harufu ya desmodi, mmea wa jamii ya kunde, humkera. Harufu ya matete humvutia kuliko hata ya mahindi. Kwa hiyo mkulima hupanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi na matete kuzunguka shamba. Nondo hufukuzwa ndani, huitwa nje, hutaga kwenye matete, na viwavi wakijaribu kuyatoboa, mengi ya matete hayo hutoa ute unaowanasa. Juu ya hayo, mizizi ya desmodi huzuia kiduha, gugu linalonyonya mahindi hadi yakadumaa, na desmodi pamoja na matete huishia kwenye hori la ng'ombe. Maelfu ya wakulima magharibi mwa Kenya wanaitumia njia hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanaiita sukuma-vuta.

Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika kutoka Amerika mwaka 2016, na kutufikia mwaka uliofuata, tulisahau yote hayo. Palikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini wakulima wengi walipulizia wakati jua limewaka, kwa mazoea, ilhali kiwavi huyu mchana hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, chini ya tabaka la kinyesi chake mwenyewe, na hutoka kula jioni na usiku. Dawa iliangukia majani, ikawaua nyigu na buibui ambao wangemla, naye akabaki salama. Waliomsoma walipulizia jioni akiwa bado mdogo, au walitia mchanga na majivu ndani ya moyo wa mhindi, au walipita asubuhi kuponda vishada vya mayai kwa vidole. Na mashamba yenye desmodi na matete yalipopimwa Afrika Mashariki, yalikutwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko mashamba ya mahindi peke yake. Ushauri huo uliwafikia wakulima wachache na ukachelewa. Duka la pembejeo liko kila kijiji, na anayeuza dawa ndiye aliyegeuka kuwa mwalimu wa wadudu.

Nitakuwa dhalimu nikisema bomba halina kazi. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 kwa wingi usioonekana kwa miaka 70, hakukuwa na njia nyingine isipokuwa ndege na dawa. Kundi linaloruka kilomita 100 na zaidi kwa siku halingoji semina. Ila hata hapo, swali la maana ni lini kundi hilo lilizaliwa. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali, kwenye mipaka ya Oman, Saudi Arabia na Yemen. Jangwa likaota majani. Nzige ambaye hapo awali huishi peke yake, mwenye rangi ya mchanga, anayewakwepa wenzake, akaanza kuzaana vizazi baada ya vizazi mahali ambapo hapakuwa na jicho la mtu. Wakishabanana, miguu yao ya nyuma ikigusana mara kwa mara, kemikali ya serotonini hupanda mwilini, na ndani ya saa chache yule mpweke hugeuka kuwa mfuasi wa kundi. Watoto wake huzaliwa na rangi nyingine kabisa. Palipokuwa pa kumzuia ni pale, angali tunutu asiye na mabawa akitembea mchangani. Vita vya Yemen viliwaondoa walinzi wa jangwa kazini, na miezi iliyopotea huko ndiyo iliyolipwa Marsabit, Turkana na Isiolo.

Kwa mbu habari ni ileile, na hapa ndipo pana maisha ya watu wengi zaidi. Chandarua chenye dawa hufanya kazi kwa sababu moja ya kitabia: mbu waliokuwa wakieneza malaria kwa wingi kwetu walikuwa wanauma ndani ya nyumba, usiku wa manane, wakati mtu amelala. Majaribio ya Kilifi kati ya mwaka 1993 na 1995 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa theluthi moja, na wagonjwa wa malaria walioepukwa barani kati ya mwaka 2000 na 2015, zaidi ya theluthi mbili yao waliepukwa kwa chandarua. Halafu mbu wakabadilika. Bonde la Kilombero, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuta kwamba Anopheles gambiae wa zamani amepungua sana, nafasi yake imechukuliwa na arabiensis, anayekubali kuuma nje, mapema jioni, na kunywa hata damu ya ng'ombe, pamoja na funestus, ambaye ni wachache kwa idadi lakini ndiye mwenye mchango mkubwa zaidi wa maambukizi na amezoea dawa za vyandarua.

Ukiishia kwenye taarifa kwamba dawa zimezoeleka, utakata tamaa. Ukiendelea kumsoma funestus utaona kwamba ana udhaifu. Huzaa kwenye maji yanayodumu, vidimbwi vya mito na visima vyenye majani, na wakati wa kiangazi mahali hapo huwa pachache na panajulikana. Madume yake, jua likizama, hukusanyika hewani na kucheza juu ya sehemu zilezile za kijiji kila jioni, na majike huja hapo kutafuta wenza. Wanakijiji waliofundishwa wameweza kuyaonyesha makundi hayo bila shida. Haya ni mambo ambayo wilaya ingeweza kuyatumia kesho, kama ingekuwa na mtu wa kuyafuatilia.

Na hapo ndipo penye lawama yangu. Tumetengeneza mfumo ambamo mtaalamu wa wadudu anapatikana kwenye mradi wa wafadhili, mradi ukiisha naye huondoka. Thomas Odhiambo aliliona hilo mapema. Kijana wa Kenya aliyesoma Makerere na Cambridge, alianza kwa kuandika, mwaka 1959, juu ya kunguni mwindaji ambaye dume ndiye hulinda mayai, jambo ambalo wengi wangeliona halina faida kwa yeyote. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, akisisitiza kwamba Waafrika wasome wadudu wa Afrika hapa hapa Afrika. Eneo la kituo hicho Kasarani linaitwa Duduville. Sukuma-vuta na kola za kuro zote zimetoka kwenye taasisi hiyo moja. Kila wilaya yenye mifugo, mikorosho au malaria inastahili walau mwajiriwa mmoja wa kudumu wa kazi hiyo, mwenye pikipiki, darubini na daftari, na ripoti yake isomwe kabla ya oda ya dawa kusainiwa.

Haraka ya jambo hili inatokana na mgeni aliye njiani. Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa miji ya Asia, aligunduliwa Jibuti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2022 akapatikana Marsabit, Kenya. Jibuti wagonjwa wa malaria walipanda kutoka 27 mwaka 2012 hadi zaidi ya 73,000 mwaka 2020. Mbu huyu hahitaji kidimbwi cha kijijini. Huzaa kwenye matenki ya maji, mapipa ya mafundi ujenzi na ndoo zilizoachwa wazi, tena hata kiangazi, wakati ambao watu wa mjini huamini malaria haiwahusu. Mombasa, Dar es Salaam na Dodoma zimejaa matenki meusi ya plastiki juu ya paa, mengi mifuniko yake imepeperushwa na upepo. Wanaopaswa kupanda ngazi kuyachungulia, wakichota mabuu kwa kata na kuyapeleka maabara yatambuliwe aina yake, ni maofisa afya wa kata, na mafunzo ya kumtofautisha stephensi na mbu wengine yanapaswa kuwafikia kabla ya mgonjwa wa kwanza wa mjini asiyejulikana ameambukizwa wapi.